Kabla ya kuinua gari: marekebisho yanayofaa kwa mbuga na makorongo ya Dodoma

#1 MbugaBahi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Mvua za Dodoma zinakaribia, na kama ilivyo kila mwaka msimu huu, wenye magari ya fowili (yanayosukumwa na magurudumu yote manne) wameanza kuulizana ni gereji ipi inainua gari vizuri, bampa gani la chuma linafaa, na winchi (mashine ya kulivuta gari kwa waya) ya uwezo gani inatosha. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu wengi wetu, hasa waliokuja hapa baada ya Serikali kuhamia Dodoma na wakapata mashamba nje ya mji, hutumia fedha nyingi kwenye vitu vinavyoonekana kwa macho, kisha hukwama mahali ambapo Hilux kuukuu ya mfanyabiashara wa mpunga inapita bila taabu. Hoja yangu ni hii: fedha ya kwanza iende kwenye matairi na upepo wake, ya pili iende kwenye sehemu salama za kuvutia gari, na mengine yote yafuate baada ya hapo kwa kutegemea ardhi unayopita.

Nimetaja ardhi kwa makusudi. Kanda hii tunakwama kwenye ardhi za aina mbili, na hazitibiki kwa dawa moja. Ya kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, huu uliotanda kwenye uwanda wa Bahi na katika mabonde mengi ya Chamwino na Chemba. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na gari lolote linapita. Ukinyeshewa, mfinyanzi wake hunywa maji, huvimba na kunata kwa namna ambayo mgeni haamini mpaka aione. Gurudumu likizunguka mara chache tu, nafasi zote kati ya kashata za tairi, yaani vile vinundu vya sehemu ya kukanyagia, zinakuwa zimejaa, tairi limekuwa laini pande zote na halishiki chochote, na tope linaendelea kujijenga ndani ya madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka kabisa.

Ya pili ni mchanga wa makorongo. Mto Bubu upande wa Farkwa, Kinyasungwe upande wa Gulwe na Godegode, na vijito vingi vinavyoingia humo, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Hapo tatizo ni kuzama. Mchanga mkavu hauwezi kubeba uzito uliokusanyika mahali padogo, kwa hiyo tairi hujichimbia, dereva huongeza mafuta, tairi huchimba zaidi, na baada ya muda mfupi tumbo la gari limelala juu ya mchanga na magurudumu yote manne yananing'inia.

Kwa mchanga, hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kupunguza upepo. Tairi lenye PSI 35 (kipimo cha upepo) hugusa ardhi kwa eneo fupi. Ukilishusha hadi PSI 18, tairi hulala na kurefuka kwa mbele na kwa nyuma, na uzito uleule hubebwa na eneo kubwa zaidi. Mchanga ukiwa laini sana unaweza kushuka hadi 15. Chini ya 12 ni hatari, kwa kuwa tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona kwa ghafla. Ukishashusha upepo, mwendo nao ushuke, usizidi kilomita 40 kwa saa, na ujaze tena kabla ya kurudi lami, maana tairi laini likikimbizwa lami hupata joto ubavuni na kupasuka. Kwa hiyo kompresa ndogo inayofungwa kwenye betri pamoja na geji ya kuaminika ndiyo manunuzi ya kwanza ninayomshauri mtu yeyote, kabla ya kulipeleka gari kwa fundi.

Kwenye mbuga mambo ni tofauti kidogo. Kushusha upepo kunasaidia, lakini si kwa kiwango kile cha mchanga, na mimi huishia kati ya 22 na 25. Kinachosaidia zaidi ni kashata zenye nafasi pana, ambazo hutupa tope nje gurudumu linapozunguka. Kuhusu upana wa tairi, kuna mabishano ya miaka mingi, na ninavyoona mimi pande zote mbili zina haki mahali pake: tairi jembamba na refu, kama 7.50R16 au 235/85R16 za Land Cruiser zile zinazoitwa mkonga, hukata tope la juu na kufika kwenye ugumu wa chini, ilhali kwenye mbuga yenye kina kirefu ugumu huo haupo karibu, na tairi jembamba litaendelea kushuka tu. Kwenye mbuga ya namna hiyo, iliyonyeshewa usiku kucha, sijui kifaa kinachoweza kushindana na kusubiri. Jua na upepo wa Dodoma hukausha tabaka la juu haraka, na njia isiyopitika asubuhi mara nyingi hupitika alasiri.

Jambo la mwisho kuhusu matairi ni miiba. Migunga yetu hutoboa ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki kwa kuaminika. Chagua matairi yenye ubavu mgumu, yale ya magari ya mizigo mepesi yaliyoandikwa LT, na ubebe vitambi vya kuzibia pancha za sehemu ya kukanyagia.

Sasa sehemu za kuvutia. Gari lolote linalotoka nje ya lami linatakiwa kuwa na ndoano mbili mbele na moja nyuma, zilizofungwa kwenye chesisi kwa bolti za ugumu unaotakiwa, na zenye uzito unaoruhusiwa ulioandikwa juu yake. Vile vipete vyembamba vilivyoko chini ya magari mengi vimewekwa kwa ajili ya kulifunga gari ndani ya meli, na vikivutwa kwa nguvu hukatika. Kibaya zaidi ni kufunga kamba kwenye kirungu cha kuvutia tela. Kirungu hicho kikikatika wakati kamba imejaa nguvu, huruka na kupenya kioo, na kwa njia hiyo watu wameshapoteza maisha katika nchi mbalimbali. Minyororo nayo ni ya kuepuka, kwa sababu hainyumbuki na mshtuko wote hupokelewa na chuma.

Karibuni tujadili.

#2 ZabibuHombolo

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, umenikuta nikiwa katikati ya maamuzi. Nina Prado yenye matairi 265/65R17, na safari zangu ni za kati ya mjini na shamba la zabibu upande wa Hombolo, ambako kuna kipande cha udongo mweusi na korongo moja la mchanga. Fundi mmoja wa hapa mjini amenishauri niinue gari kwa inchi mbili na kufunga 285/70R17, akisema nikifanya hivyo sitakwama tena. Bei aliyonitajia si ndogo, na ningependa kujua hasa nitapata nini kwa fedha hiyo.

#3 MbugaBahi

Ndugu yangu, tupige hesabu pamoja, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na wafanyabiashara wengi hawaielezi.

Tairi lako la sasa lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 285/70R17 lina milimita 831. Tofauti ni milimita 55, lakini kinachoinua ekseli ni nusu ya kipenyo, kwa hiyo difu yako ya nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, itapanda kwa milimita 27 au 28, yaani chini ya sentimita tatu. Springi ndefu haziinui difu ya nyuma hata kidogo, kwa kuwa ekseli imekaa juu ya magurudumu na springi ziko juu ya ekseli. Zinachoinua ni chesisi na bodi. Hilo lina faida yake, kwa sababu bampa halitagusa kingo za korongo na tumbo halitalala mapema kwenye tuta la katikati ya njia, lakini halikuongezei mshiko wowote kwenye tope wala mchanga.

Gharama zake ni nyingine. Gari lililoinuliwa huyumba zaidi kwenye kona na upepo wa pembeni, na barabara ya Morogoro ina malori mengi na watu wenye haraka. Tairi kubwa kwa kiwango hicho litafanya spidomita yako idanganye kwa asilimia saba: utasoma 100 nawe uko kwenye 107. Gia zote zitakuwa ndefu, yaani injini itavuta kwa taabu zaidi, kwa kiwango hichohicho, jambo ambalo utalisikia unapopanda ukiwa na mzigo wa kreti, na breki zitakuwa na kazi ya ziada.

Ingekuwa gari langu, ningechukua 265/70R17, ambalo ni kipimo kinachoingia kwenye Prado nyingi bila kukata kitu, na kipenyo chake ni karibu milimita 803. Unapata sentimita moja na ushee chini ya difu, spidomita inakosea kwa asilimia tatu na nusu tu, na fedha iliyobaki inatosha kompresa, ndoano na kamba nzuri. Ukipita msimu mzima wa mvua na ukaona tumbo bado linagusa, hapo utakuwa na sababu ya kuinua.

#4 FundiDifu

Wakuu, mimi ni fundi, na ninaomba kuongezea upande wa chini ya gari, kwa kuwa ndiko ninakoshinda kila siku.

Aliyosema mwanzisha uzi kuhusu difu ya nyuma ni sahihi. Kwenye Prado difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo difu hiyo inapanda ukiinua gari, lakini ekseli za mbele zinabaki zikiunganisha difu iliyopanda na magurudumu yaliyobaki chini. Pembe ya viungo vyake inakuwa kali, mpira unaofunika kiungo unasuguana mikunjo kwa mikunjo, unapasuka, vumbi letu linaingia kwenye grisi, na baada ya muda utasikia kiungo kikigonga kila unapokata kona. Inchi mbili zinavumilika kama kazi imefanywa kwa vifaa vyake vyote. Zaidi ya hapo mteja ajiandae kubadilisha ekseli mara kwa mara.

Lililonifanya niandike ni difuloki. Magari mengi ya fowili yana difu za kawaida, ambazo hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile inayopokelewa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Ndiyo sababu unaona gari la fowili limekwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure, na mengine mawili yaliyo kwenye ardhi ngumu yametulia kabisa. Difuloki inayafunga magurudumu ya ekseli yazunguke pamoja, kwa hiyo lile lenye mshiko linapata kazi ya kufanya. Baada ya matairi, sioni kitu kinachobadilisha uwezo wa gari kama difuloki ya nyuma. Ya mbele inasaidia pia, lakini ikifungwa usukani unakuwa mzito na gari linataka kwenda moja kwa moja, hivyo simshauri mtu aanze nayo.

Kabla hujanunua, angalia kama gari lako halina tayari. Baadhi ya Land Cruiser za familia ya 70 na baadhi ya Prado zilitoka kiwandani na difuloki ya nyuma inayowashwa kwa swichi, na wamiliki wengi waliozinunua mkononi hawajawahi kuigusa. Nimefungua nyingi zilizoganda kwa kukaa tu: mota ndogo ya umeme iliyo juu ya difu imeingia unyevu, gia zake zimeshika kutu, na mwenye gari anashangaa kuambiwa kwamba kitu hicho kilikuwapo. Iwashe angalau mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliolegea na gari likitembea polepole kwa mstari ulionyooka, kisha uizime. Usiiwashe kwenye lami, na usiiwashe gurudumu likiwa linazunguka kwa kasi.

Kwa magari mapya yenye mfumo wa kielektroniki unaofunga breki ya gurudumu linaloteleza, mfumo huo unafanya sehemu ya kazi ya difuloki, na kwenye matope uuache ufanye kazi. Kwenye mchanga mrefu, ule wa kuzuia gari kuyumba unatakiwa uzimwe, kwa sababu hukata nguvu ya injini wakati ule hasa unapohitaji mwendo usiokatika.

#5 Korongo_Kavu

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini mpangilio huu siukubali mzima mzima. Kazi yangu ni visima vya maji, na sehemu kubwa ya muda wangu ninaupitisha Chemba na pembezoni mwa Kondoa, mahali ambapo gari lingine linaweza lisipite siku nzima. Ndoano nzuri na kamba nzuri vinataka gari la pili la kukuvuta. Ukiwa peke yako, huna wa kumfungia kamba, na simu haishiki mtandao. Kwa mtu wa kazi kama yangu winchi si pambo. Ningeiweka ya pili, mara tu baada ya matairi.

#6 MbugaBahi

Mkuu, hoja yako ina uzito, na kwa mtu anayetembea peke yake kwenye maeneo yenye miti ninaikubali. Hata hivyo naomba wasomaji wapime mambo matatu kabla ya kununua.

La kwanza ni mahali pa kufungia. Kondoa na Chemba kuna miti, na kwa upande wa Kongwa na Mpwapwa kuna mibuyu ambayo hakuna gari linaloweza kuing'oa, mradi utumie mkanda mpana ili waya usikate gome. Lakini katikati ya mbuga ya Bahi unaweza kutazama pande zote usione hata kichaka, na winchi bila pa kushika ni uzito tu. Inawezekana kuzika tairi la akiba kwa kina cha kiuno, kulitengenezea mfereji mwembamba wa kupitishia waya, na kuvutia hapo. Inafanya kazi, lakini kwenye udongo mweusi uliolowa kuchimba shimo hilo ni kazi ya saa kadhaa, na mwenye kuifanya awe na koleo imara na mtu wa kumsaidia.

La pili ni uwezo. Kanuni inayotumika ni kwamba winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo wake. Gari la tani 3.3 linahitaji karibu tani tano, ndiyo maana winchi za ratili 12,000, ambazo ni kilo 5,443, zimezoeleka kwenye Land Cruiser za mkonga. Ila uwezo huo ni wa waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza kwenye pipa lake, na kila tabaka linaloongezeka linapunguza nguvu. Kwa hiyo fungua waya mrefu, na ikibidi tumia kapi, ambalo linaongeza nguvu karibu maradufu huku likipunguza mwendo kwa nusu. Injini iwe inaunguruma muda wote, kwa kuwa winchi ya namna hiyo ikielemewa kabisa huvuta ampea 400 hivi, na betri pekee haitadumu.

La tatu ni uzito wa pua. Winchi pamoja na bampa la chuma la kuibeba vinaweza kukaribia kilo mia, na kilo hizo zote ziko mbele ya magurudumu ya mbele, pale ambapo gari huanza kuzama. Ukifunga winchi, badilisha na springi za mbele, vinginevyo umeongeza sababu ya kukwama ili upate njia ya kujinasua.

Na tafadhali, yeyote anayetumia winchi atandaze koti zito au blanketi juu ya waya uliokazwa, na asimruhusu mtu kuuvuka. Vijijini watoto hukusanyika kutazama. Kabla ya kuwasha, waombe wazee wa hapo wawasogeze mbali, umbali unaozidi urefu wa waya wenyewe.

#7 Korongo_Kavu

Nimekuelewa, na la springi za mbele ni kweli tupu. Na mimi niseme la makorongo, kwa kuwa nayavuka sana. Watu wanafunga bomba la kuvutia hewa kwa juu, ambalo nalo huitwa mkonga, wakidhani gari limekuwa boti. Bubu hujaa kwa mvua iliyonyesha milima ya Kondoa, wakati aliyeko Farkwa anaona anga jeupe. Maji yakishaanza kushuka yanakuja na magogo na mchanga, na mchanga uliokubeba jana leo umehama. Je, fundi wetu anauonaje mkonga?

#8 FundiDifu

Mkonga ni kifaa kizuri kwa Dodoma hata kwa mtu asiyevuka maji, kwa sababu unavuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu na chujio linadumu zaidi. Kwa maji, unafanya kazi ikiwa tu kila kiungo kati yake na boksi la chujio kimezibwa. Nimeona iliyofungwa kwa nje ikapendeza, huku tundu la kutolea maji chini ya boksi la chujio likiwa wazi. Maji yakifika hapo, injini inayavuta kama kawaida, na kwa kuwa maji hayabanwi, koneki (mkono unaoshika pistoni) inapinda.

Kinachosahaulika zaidi ni vipumulio vya difu na gia boksi. Difu ikiwa ya moto ikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa ghafla. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa matope, difu huvuta maji kupitia sili. Kurefusha mipira ya vipumulio hadi juu karibu na boksi la chujio ni kazi ya gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa kwenye uzi huu, na inaokoa difu nzima. Ukishavuka maji marefu, fungua nati ya kujazia mafuta ya difu ukachovye kidole: mafuta yakitoka meupe yenye povu, yana maji, na yamwagwe siku hiyohiyo.

Na pamoja na hayo yote, maji yanayotembea ni ya kuogopwa. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, na ya sentimita 60 yanabeba hata fowili kubwa. Kama maji yana nguvu kiasi kwamba mtu hawezi kutembea ndani yake kwa usalama, gari nalo lisubiri.

#9 DadaKongwa

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari. Nimesoma yote, lakini magari yanayozungumzwa hapa ni ya wenye uwezo. Mimi nina RAV4 ya kawaida yenye fowili, ninakwenda shamba la alizeti nje ya Kongwa, na siwezi kununua difuloki wala winchi. Huku kwetu wazee bado wanasimulia mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, jinsi walivyoleta matrekta makubwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita vya Sherman, na bado ardhi ya Kongwa ikawashinda, mradi ukaachwa 1951. Nikikumbuka hilo ninajiuliza kama gari langu dogo lina marekebisho yoyote yenye maana.

#10 MbugaBahi

Marahaba dada yangu. Yapo, na kwa bahati nzuri ni yale ya gharama ya chini.

Gari lako ni jepesi, na wepesi ni faida kubwa kwenye mchanga na kwenye tope pia. Usiliongezee bampa la chuma wala keria nzito ya juu. Matairi yakichakaa, nunua yenye kashata za wastani, zile za njia mchanganyiko, kwa kipimo kilekile cha kiwandani au kilichozidi kidogo sana. Nunua kompresa na geji. Kisha tafuta mabao mawili ya plastiki yenye meno ya kujinasulia, koleo fupi, na kamba ya kunyumbulika inayolingana na uzito wa gari lako, kwa kuwa kamba nene ya gari la tani tatu haitanyumbuka ikivuta gari dogo.

Mabao yana namna yake ya kutumiwa. Chimba kwanza mbele ya magurudumu na chini ya tumbo mpaka gari lisilalie udongo, pachika bao likiwa limebanwa kabisa chini ya tairi, kisha ondoka kwa mafuta kidogo mno. Ukikanyaga kwa nguvu, tairi litazunguka juu ya bao na kuyeyusha meno yake. Mara nyingi njia bora ni ya kurudi nyuma ulikotoka, kwa sababu huko ardhi umeshaikandamiza na unajua ilivyo. Na lililo muhimu kuliko hayo yote: mara tu gari linapopunguza mwendo na magurudumu kuanza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta, shuka, tazama. Gari lililozama kwa nusu ya tairi hutolewa kwa koleo, na lililozama hadi tumboni linataka trekta la kijiji, ukilipata.

#11 FundiDifu

Dada, niongeze moja la RAV4. Kwenye RAV4 nyingi fowili si ya kudumu. Kuna kifaa mbele ya difu ya nyuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma yale ya mbele yanapoteleza, na kikitelezeshwa kwa muda mrefu kinapata joto, kinajikata ili kisiungue, na gari linabaki la magurudumu ya mbele tu. Ikikutokea, lizimishe, lipumzike, chimba wakati likipoa. Kama gari lako lina swichi ya kufunga fowili, ifunge kabla ya kuingia kwenye tope.

#12 ZabibuHombolo

Wakuu, nimeamua. Mpango wa kuinua gari nimeuweka kando, nachukua 265/70R17 na kompresa, na leo nimekuta kwamba swichi ya difuloki ipo chini ya usukani, ila nikiiwasha taa inapepesa tu bila kutulia. Ninaomba fundi aniambie kama hiyo ni kuganda, na kama ndoano za mbele zinaweza kufungwa bila kulichomelea gari.

#13 FundiDifu

Taa kupepesa ni amri imetoka lakini kufuli halijaingia. Jaribu kwenye udongo uliolegea, ukienda polepole na kuyumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, kwa kuwa meno yanahitaji kukutana ndipo yaingie. Ikiendelea kupepesa, mota inafunguliwa, inasafishwa na kupakwa grisi mpya, na nyaya zake zinakaguliwa pale zinapopita juu ya ekseli.

Ndoano zisichomelewe. Zinafungwa kwa bolti kwenye matundu ambayo tayari yapo kwenye chesisi, bolti za daraja la ugumu 8.8 au zaidi, kwa bamba linalogawa nguvu kwa ndani. Anayekuambia atachomelea, mkatalie, kwa sababu moto hudhoofisha chuma cha chesisi pale hasa kinapovutwa. Na gari lioshwe chini kabla ya kuja, nione kama chesisi ina kutu au nyufa kuzunguka matundu hayo. Kama zipo, hizo ndizo tutakazoanza nazo.